Kanari nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni majibu kwa anayefikiria kufuga kanari ndani ya nyumba, au tayari anaye na kuna jambo linamtatiza. Maelezo mengi kuhusu kanari yameandikiwa nyumba za Ulaya: chumba chenye baridi, jiko la umeme, hakuna mbu. Hapa tunazungumzia nyumba zetu, zenye sebule ndogo, mkaa unaowaka uani, pangaboi juu na kunguru dirishani.

Kanari ni ndege gani? Si huyuhuyu chiriku wetu?

Ni jamaa yake. Asili ya kanari wa kufugwa ni visiwa vya Kanari, Madeira na Azores, katika Bahari ya Atlantiki. Wenzake wa porini wapo huko mpaka leo, na ukiwaona unaweza usiwatambue: wana ukijani uliochanganyika na njano, na michirizi ya kahawia mgongoni. Wahispania walianza kuwapeleka Ulaya karne ya 15. Njano tupu, weupe na vishungi vimetokana na wafugaji kuchagua na kupandisha kwa mamia ya miaka. Wekundu wamekuja juzijuzi tu, karne ya 20, kanari alipopandishwa na ndege mdogo mwekundu kutoka Venezuela.

Kanari wa kawaida ana urefu wa sentimita 12 au 13 na uzito unaokaribia gramu 20. Ukumbuke uzito huo unaposoma yanayofuata.

Nitajuaje kama sijauziwa chiriku wa porini?

Swali zuri, kwa sababu wapo wanaonasa chiriku kwa ulimbo au wavu na kumuuza kwa jina la kanari. Chiriku anayepatikana sana huku ana njano kifuani na kwenye paji la uso, kijivu utosini, na mstari mweusi unaoshuka kando ya mdomo kama sharubu. Ukiona sharubu hizo, ondoka.

Tazama pia tabia. Ndege aliyenaswa porini hujirusha kwenye nyaya ukimkaribia, na mara nyingi manyoya juu ya mdomo yamekwanguka mpaka ngozi inaonekana. Kanari aliyezaliwa tunduni atasogea upande wa pili, atakutazama kwa jicho moja, kisha atarudi kula. Wafugaji makini huwavisha makinda pete ya mguuni wakiwa na umri wa siku chache tu. Pete hiyo haina maungio, hivyo haiwezi kuvishwa mguu uliokwisha kukua. Pete ya namna hiyo ni ushahidi bora kuliko maneno ya muuzaji.

Ndege wa porini pia ana sheria yake: Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na Kenya kuna ya 2013. Kumnasa au kumweka bila kibali ni kosa. Hata kama sheria isingekuwepo, ndege huyo hukaa tunduni kwa mateso na wengi hufa mapema.

Nichukue dume au jike?

Ukitaka wimbo, dume. Jike hulia "chwii" na vijineno vifupi, na wachache hujaribu kuimba, lakini ule wimbo mrefu unaopanda na kushuka ni wa dume. Tabu ni kwamba kwa macho wanafanana, na kabla ya miezi sita hivi hata mfugaji mzoefu hubahatisha. Usinunue kwa ahadi ya "huyu ataimba tu". Kaa dukani, subiri, umsikie yeye mwenyewe akiimba huku koo likitetemeka, si jirani yake wa tundu la pili. Muuzaji akikuharakisha, rudi siku nyingine.

Wanaoishi kwenye vyumba vilivyobanana wamuulizie kanari wa aina ya Roller, anayetokana na wafugaji wa milima ya Harz, Ujerumani. Huyu huimba mdomo ukiwa karibu umefungwa, kwa sauti laini inayobiringika. Timbrado wa Hispania ana sauti kali ya kengele. Ni mzuri kama una ua, lakini majirani watamjua.

Mmoja au wawili?

Mmoja. Madume wawili tundu moja watapigana, na vita vyao vinaweza kuua. Dume na jike pamoja mwaka mzima, dume humsumbua jike, na yeye mwenyewe huimba kidogo kwa kuwa anayemwimbia yuko ubavuni. Kanari si kama kasuku wadogo wanaokaa wamegusana mabega. Akiwa peke yake na watu wako karibu, hana upweke unaomfikiria. Kioo usimwekee, maana atamwona mpinzani asiyeondoka.

Ni rafiki kweli, au ni pambo la sebuleni?

Ni rafiki wa masikio. Anayetaka ndege wa kumshika, kumpapasa na kumweka begani atafute mwingine, kwa sababu kanari akishikwa mkononi huchukulia kwamba amekamatwa. Urafiki wake ni wa kuwa chumba kimoja. Baada ya wiki kadhaa atajua nyayo zako na nyayo za mgeni. Ukifungua bomba, au mafuta yakianza kuchachatika kwenye kikaango chumba cha pili, ataanza kuimba ili kushindana na ile sauti. Redio inamchokoza vivyo hivyo. Kwa mzee anayeshinda peke yake nyumbani wakati watoto wako kazini, sijaona mnyama mwenye gharama ndogo anayejaza nyumba namna hii.

Kama unataka akuzoee zaidi, kaa karibu na tundu wakati wa kula, umshikilie jani la mchicha kwenye nyaya bila kusema mengi. Atakuja siku akitaka. Watoto wafundishwe kusogea taratibu na kutoingiza vidole.

Tundu niliweke wapi?

Hapa ndipo kanari wengi wanapoponea au kufia, na kinachoamua ni hewa.

Mapafu ya ndege yanafanya kazi vizuri kuliko yetu. Hewa hupita upande mmoja mfululizo, ikisaidiwa na vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, kwa hiyo huchukua oksijeni nyingi kwa haraka, na sumu pia kwa haraka hiyohiyo. Ndiyo maana wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliingia na kanari migodini, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane mwishoni mwa karne ya 19. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Kanari alilegea kwenye kijiti kabla mtu hajahisi lolote, na watu wakakimbia. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1986, vilipokuja vipimo vya umeme.

Gesi hiyohiyo inatoka kwenye jiko la mkaa. Ukiliingiza jiko ndani usiku wa baridi, au ukipikia kwenye korido iliyofungwa, kanari ndiye wa kwanza kuondoka. (Na akianguka, usishughulike naye kwanza. Toa watoto nje, fungua milango.) Jenereta na pikipiki inayopashwa moto barazani ni vilevile.

Halafu kuna kikaango kisichogandisha chakula, chenye utando wa Teflon na mfano wake. Kikisahaulika motoni kikavu mpaka kikapitiliza joto, utando hutoa moshi unaoua ndege ndani ya dakika chache, hata kama wako chumba cha pili. Wewe utasikia harufu kidogo au usisikie kabisa. Mwenye kanari apikie sufuria.

Dawa ya mbu ya kupuliza ni sumu kwake. Ile ya duara inayochomwa usiku kucha inamchosha kifua polepole. Udi, ubani na chetezo ni desturi za nyumba nyingi za pwani na sisemi ziachwe, ila mhamishe kwanza, umrudishe moshi ukishaisha. Rangi mbichi ya ukuta, marashi ya kupuliza na sigara viingie kwenye orodha hiyohiyo.

Basi weka tundu sebuleni, mbali na jiko, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama, upande mmoja ukiwa umeegemea ukuta ili awe na mahali pa kujihisi salama. Mwanga wa asubuhi unamfaa. Jua la saa saba mchana kupitia kioo linamuua. Upepo wa feni usimpige moja kwa moja. Barazani anaweza kukaa kama upo naye, lakini usimwache huko peke yake: kunguru wa pwani hutua juu ya tundu na kumvuta ndege kupitia nyaya, mguu kwanza.

Tundu liwe la namna gani?

Refu kwenda pembeni kuliko kwenda juu, kwa kuwa kanari huruka kwa mlalo. Sentimita 60 kwa urefu ndicho kiwango cha chini cha heshima, na nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita 1.2. Yale matundu ya mviringo yenye kuba la dhahabu ni mazuri kwenye picha. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea, ila asilipake rangi itakayobanduka; ndege ataila.

Vijiti vya kutua visiwe vya plastiki vyenye unene mmoja. Kata matawi ya mpera yenye unene unaotofautiana, yaoshe, yakaushe juani, uyaweke mawili ncha hii na ncha ile ili katikati abaki na uwanja wa kuruka.

Mbu wanamdhuru?

Ndiyo, na watu wengi hawalijui hili. Mbu hueneza ndui ya ndege, na kanari ni dhaifu mno kwa ndui yao. Huanza na vipele kando ya macho, mdomoni na miguuni, au hushuka kifuani ndege akatweta na kufa upesi. Virusi hivyo havina dawa. Kinga ni chandarua: kipande cha chandarua kisicho na dawa, kifunike tundu lote jua linapozama. Kwenye miguu ya meza weka vikopo vya maji kwa ajili ya sisimizi na siafu. Siafu wakimfikia ndege aliyefungiwa, asubuhi hutakuta kitu.

Anakula nini?

Mbegu za kanari zenyewe, zile za rangi ya mchanga zilizochongoka pande mbili, ndizo msingi wa mchanganyiko wa madukani, na bei yake huku si ya mchezo. Unaweza kuzichanganya na uwele na ulezi, na ufuta kidogo. Alizeti iwe ya kuonja. Ina mafuta, na kanari mnene haimbi. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu kwa siku, au kikizidi sana kimoja na nusu, kinamtosha.

Sasa jambo dogo linaloua. Kanari hamezi mbegu nzima: huimenya, hula kiini, huacha ganda palepale kwenye kikombe. Jioni ukitazama utaona kikombe kimejaa, kumbe yamejaa makapi matupu na ndege ana njaa tangu saa tisa. Kila asubuhi kichukue kikombe, kipulize taratibu kama unayepeta mchele. Yanayoruka ni makapi, yanayobaki ndiyo chakula.

Majani mpe kila siku au siku mbili: mchicha, sukuma wiki, kipande cha tango, karoti iliyokwaruzwa. Yaoshe sana, kwa sababu mboga za sokoni hupigwa dawa ya wadudu, na kiasi ambacho wewe hukihisi yeye kinamtosha kufa. Yai la kuchemsha, punje ndogo mara mbili kwa wiki, na zaidi anapobadilisha manyoya. Ganda la yai lililochemshwa na kusagwa humpa chokaa. Anayeishi pwani aokote ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi ufukweni, aulowanishe siku kadhaa kutoa chumvi, aukaushe na kuubana kwenye nyaya.

Parachichi asiguse. Chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu, na chakula chenye chumvi pia hapana. Maji yabadilishwe kila siku na yawe ya kunywa. Maji ya kisima yenye chumvi hayamfai. Mpe na kibakuli kifupi cha kuogea asubuhi. Atalowa mpaka aonekane kama panya, kisha atakaa kujipanga unyoya mmoja mmoja.

Ameacha kuimba. Ana nini?

Kwanza tazama chini ya tundu. Kama kuna manyoya, anabadilisha mavazi, na wakati huo kanari hunyamaza. Hali hiyo huchukua wiki sita hadi nane. Mwongezee yai, mwache apumzike.

Ulaya hili hutokea mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, kwa sababu urefu wa mchana ndio saa yake. Kwenye visiwa vya Kanari tofauti ya mchana mrefu na mfupi ni zaidi ya saa tatu. Dar es Salaam haifiki saa moja. Mwili wa kanari wa huku haupati ishara iliyo wazi, na taa za ndani huja kuvuruga hata kidogo kilichopo: leo taa imezimwa saa mbili usiku, kesho kuna mpira mpaka saa sita. Matokeo yake anapukutisha manyoya kidogokidogo bila kumaliza, na kuimba hakurudi. Dawa yake ni ratiba. Mfunike kwa kitambaa chepesi saa moja usiku, mfunue saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, hata Jumamosi. Televisheni ikiwa sebuleni, usiku mhamishie chumba tulivu.

Kama manyoya hayajadondoka na ratiba ni nzuri, angalia mengine: umemhamisha karibuni? Kuna paka anayelala chini yake? Ananenepa? Au kweli ni jike?

Anayeimba mwaka huu anaweza kuimba tofauti mwaka ujao. Kanari hujifunza vipande vipya kila msimu, na Fernando Nottebohm, aliyewachunguza kwa miaka mingi huko Marekani, alionyesha kwamba sehemu ya ubongo inayoshughulikia wimbo hukua na kupungua kwa majira. Ugunduzi wake kwamba ubongo wa ndege mzima huzalisha seli mpya uliwashangaza hata madaktari wa binadamu.

Usiku anahangaika na kujikuna, mchana yuko sawa. Kwa nini?

Shuku utitiri, huohuo wa kuku. Mchana hujificha kwenye maungio ya tundu na ncha za vijiti, usiku hutoka kunyonya damu. Funika tundu kwa kitambaa cheupe usiku, alfajiri kikunjue: ukiona vidoa vyekundu vinavyotembea, ndio wao. Mtoe ndege, mwagia tundu maji yanayochemka, tupa vijiti vya zamani, rudia baada ya wiki. Dawa ya unga ya kuku usimpake kwa kukisia. Kipimo cha kuku si cha ndege wa gramu 20.

Magamba mazito meupe miguuni ni aina nyingine ya utitiri, na pumzi yenye mlio wa "tik, tik" usiku ni ya tatu, inayokaa njia ya hewa. Hizo mbili zina tiba nzuri kwa daktari wa mifugo.

Nitajuaje anaumwa?

Ndege huficha ugonjwa mpaka ashindwe. Ukimwona amejituna kama mpira mchana, macho nusu, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, au ameshuka kukaa sakafuni, hali ni ya leo, si ya wiki ijayo. Mtandikie gazeti na ulitazame kila asubuhi: kinyesi kizuri kina kiini cheusi au kijani kilichoshikana na weupe pembeni. Ukiona mbegu nzima zimepita zilivyo, kuna shida tumboni.

Mpe joto kabla ya kitu kingine. Tundu dogo, balbu upande mmoja tu ili akizidiwa ahamie upande wa pili, chakula na maji karibu na mdomo. Kisha mpigie daktari wa mifugo. Wengi wamezoea kuku na ng'ombe, hivyo sema mapema kwamba mgonjwa ni kanari, na uzito wake.

Naweza kumtoa aruke chumbani?

Inamfaa sana, ukizima pangaboi kwanza, ukasubiri mapanga yasimame kabisa. Funga madirisha, teremsha mapazia ili asigonge kioo, funika ndoo za maji. Kumrudisha usimfukuze, acha chakula tunduni, njaa itamrudisha. Ikishindikana, zima taa, umchukue gizani.

Kidini inafaa kumfungia ndege?

Waislamu wengi huuliza hili. Wanazuoni wanaoruhusu hutegemea hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege akichezea, na Mtume (s.a.w.) akawa anamtania na kumuuliza habari zake bila kumkataza. Lakini hao hao hukumbusha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Ruhusa imekuja na mzigo wake wa kumtunza.

Nataka wazae. Nianzeje?

Anza kwa kujiuliza makinda utampa nani. Jike hutaga mayai matatu hadi matano, huatamia siku 13 au 14, na makinda hutoka kiotani baada ya wiki tatu hivi. Waweke matundu yaliyoungana, wakitenganishwa na wavu, mpaka dume aanze kumlisha jike kupitia nyaya. Ukiwachanganya kabla, watapigana. Jike asiye na chokaa ya kutosha yai humkwama, na huo ni ugonjwa wa dharura. Wenye kishungi wawili usiwapandishe: kinda anayerithi kishungi kwa baba na mama hufa ndani ya yai.

Anaishi miaka mingapi?

Saba hadi kumi akitunzwa, na wengine huvuka hapo.

Nasafiri, au nimeshindwa kumfuga. Nimwachie huru?

Usimwachie. Hajui mwewe, hajui kutafuta mbegu, na mwenye njano tupu huonekana mbali. Hatamaliza siku mbili. Ukisafiri hata usiku mmoja, awepo mtu wa kumbadilishia maji na kupuliza makapi. Ukishindwa kabisa, mpe mfugaji mwingine pamoja na tundu lake, vijiti vyake, mbegu za wiki mbili alizozoea, na karatasi inayoeleza anafunikwa saa ngapi na mara ya mwisho alibadilisha manyoya lini. Akifika kwa mwenyeji mpya atanyamaza siku kadhaa. Mwenyeji aambiwe mapema, asije akadhani ameletewa jike.